Mbunge amekubali kunisikiliza kuhusu sayansi ya anga. Nimwombe nini hasa?

MwalimuMbozi

Habari za jioni wanajukwaa.

Nafundisha fizikia katika sekondari ya serikali huku Mbozi, mkoa wa Songwe. Bunge likiahirishwa, mbunge wetu hurudi jimboni na kukaa ofisini kusikiliza watu, na safari hii katibu wake ameniandikia nafasi. Wenzangu watakaoingia siku hiyo wana shida za barabara, maji na mbolea. Mimi nimeomba kumweleza kwa nini serikali itenge fedha kwa ajili ya sayansi ya anga. Nafasi kama hii haiji mara mbili, ndiyo maana naleta kwenu kabla sijaingia.

Nieleze jambo hili limetoka wapi. Shule yetu haiko mbali na kijiji cha Ndolezi, kilipo Kimondo. Wengi wenu mmekiona kwenye picha: pande la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi, uzito unakadiriwa kuwa tani 16, chuma asilimia 90 na kilichobaki sehemu kubwa ni nikeli. Wataalamu walikifikia mwaka 1930, na mwaka 1967 serikali ikakiweka chini ya ulinzi. Wenyeji walikuwa nacho miaka yote hiyo kabla. Kila nikiwapeleka wanafunzi pale, wanauliza maswali ambayo darasani hawayaulizi. Mbona hakuna shimo mahali kilipoanguka? Kilikuwa sehemu ya nini kabla hakijafika hapa? Ile sehemu iliyokatwa pembeni, kipande chake kilikwenda kuchunguzwa na nani? Msichana mmoja wa kidato cha pili aliniuliza kama Tanzania kuna mtu anayelipwa mshahara kwa kazi ya kujua mambo haya. Nikamtajia Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria, ambaye kwa miaka mingi ameifundisha nchi hii kutazama anga. Akaliandika jina kwenye daftari, kisha akabaki ameshika kalamu akisubiri niendelee kutaja.

Hapo ndipo niliposema lazima nimwone mheshimiwa.

Majirani zetu hawajakaa. Aprili 2023 Kenya ilirusha Taifa-1, satelaiti ndogo ya kupiga picha za ardhi kwa ajili ya kilimo na majanga. Uganda na Zimbabwe zao zilikwenda Novemba 2022, Rwanda ilitangulia mwaka 2019. Halafu kuna hili linaloniuma zaidi kwa sababu ya tunapoishi: nenda Tunduma, Zambia unaiona kwa macho, na Zambia imo katika nchi nane za Afrika zilizojiunga na Afrika Kusini kwenye mradi wa darubini kubwa ya redio, SKA. Kenya imo. Msumbiji imo. Sisi tunaopakana na zote tatu hatumo. Mwaka 2023 serikali yetu nayo ilitangaza nia ya kuwa na satelaiti, nami nilifurahi kwa dhati, lakini satelaiti bila watu wa kuisoma itabaki kuwa habari ya gazetini.

Najua atakachosema mheshimiwa. Atasema, "Mwalimu, shule zangu hazina madawati, wewe unaniletea nyota." Na hatakuwa amenikosea heshima, maana madawati kweli hayatoshi. Sasa nimwanze vipi? Nimwonyeshe picha za darubini? Nimweleze kwamba bila hesabu za Einstein mahali panapoonyeshwa na simu yake pangepotea kwa kilomita kama 10 kila siku? Nimpe mfano wa Kenya? Na mwisho wa yote nimwombe nini? Fedha kiasi gani, na ziende wapi?

Kama kuna aliyewahi kufanya kazi na wabunge, au kwenda mbele yao na ombi lisilo la kawaida, naomba msaada. Natanguliza shukrani.

---

MuuguziMakete

Mwalimu, shikamoo kama wewe ni mkubwa kwangu. Nitakuambia ukweli kwa sababu naona unalipenda jambo lako.

Mimi ni muuguzi katika zahanati huku Makete. Mvua za Machi zikichanganya, gari halipandi. Tumewahi kumteremsha mama mjamzito kwa machela usiku, vijana wanapokezana, mimi nyuma nimeshika tochi. Alijifungua salama. Wengine hawakupata bahati hiyo. Sasa mbunge akisimama Dodoma na dakika zake chache, nikisikia amezitumia kwa mambo ya anga, mimi na mama yule tumweleweje?

Siyo kwamba sayansi haina maana. Nimesoma sayansi, ndiyo imenipa kazi. Ila ningekuwa mimi ndiye mbunge ningekuuliza kitu kimoja tu: hizo fedha nikupe wewe, nizitoe kwa nani? Kama huna jibu la hilo usiende, maana ukikwama hapo hata atakayekuja baada yako na ombi la sayansi hatasikilizwa.

---

MzeeKihesa

Kamwene Mwalimu, kamwene nyote.

Nilikuwa katibu wa mbunge mmoja hapa mkoani Iringa kwa muda mrefu, sasa nimestaafu na nalima. Nimekaa upande wa pili wa ile meza unayokwenda kuketi. Muuguzi amekupa swali zuri kuliko lolote utakaloulizwa, usilikimbie. Lakini kabla ya hilo kuna jambo ambalo watu wengi wanaokuja ofisi ya mbunge hawalijui, na linawapotezea safari.

Mbunge hana fedha. Soma ibara ya 99 ya Katiba. Bunge haliwezi kushughulikia jambo la kuongeza matumizi ya fedha za serikali mpaka liwe limependekezwa na Rais kupitia kwa waziri. Ule Mfuko wa Jimbo upo, lakini ule ni wa kuchochea maendeleo jimboni, bati za darasa, mabomba, vitu vya namna hiyo. Kwa hiyo ukimwambia "naomba bilioni kadhaa za sayansi ya anga" umemwomba asicho nacho. Atakuitikia vizuri, atakushukuru, mtapiga picha, na hakuna kitakachofuata.

Mwombe kilicho mikononi mwake, nacho ni kikubwa kuliko watu wanavyodhani. Anaweza kupeleka swali la msingi kwa wizara, nalo lazima lijibiwe na kuingia kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge. Akishajibiwa ana swali la nyongeza, na hapo ndipo waziri hubanwa, kwa sababu majibu ya nyongeza hayakuandikwa nyumbani. Anaweza kuchangia siku ya bajeti ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani kuizuia isipitishwe, mpaka apewe maelezo yanayoeleweka. Nimeona shilingi moja ikimtoa waziri ahadi ambayo barua za miaka hazikuitoa. Na anaweza kumfuata waziri pale pale kwenye viwanja vya Bunge, mazungumzo ya kusimama, ambayo pengine yana nguvu kuliko yote.

Halafu kuna majira. Watu huja mwezi wa tano, bajeti inasomwa redioni, ndipo wanapokumbuka. Wakati huo randama, yaani maelezo ya makadirio ya kila wizara, zimeshachapwa na kamati zimeshazipitia. Kinachobadilika hapo ni kidogo sana. Mapendekezo ya Mpango wa Maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa bungeni Novemba, na wizara zinajaza vitabu vyao baada ya hapo. Ukitaka kitu kiingie, kizungumzwe kabla ya Krismasi. Mwezi wa nne hadi wa sita ni wa kumkumbusha waziri alichokiahidi.

Sasa ukiwa ndani ya chumba.

Nitakueleza watu wawili niliowapokea, utaelewa. Alikuja msomi mmoja, mtu mwema kabisa, na kompyuta na jalada nene. Alizungumza kuhusu utafiti wa taifa kwa ufasaha mkubwa. Mheshimiwa alimsikiliza hadi mwisho, akalipokea jalada, na mimi ndiye niliyeliweka kabatini. Wiki hiyohiyo wakaja kina mama wanaolima viazi upande wa Kilolo, na karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono. Juu waliandika jina la kijiji, chini yake shida, chini yake kitu kimoja walichotaka kisemwe na kwa waziri gani. Mheshimiwa aliikunja akaitia mfukoni mwa koti. Aliisoma bungeni karibu ilivyo. Msomi alikuwa na hoja nzito kuliko wao, lakini hakumpa mheshimiwa maneno ya kusema.

Hiyo ndiyo kazi yako Mwalimu. Mpe maneno ya kusema, na yawe maneno anayoweza kuyarudia kwenye mkutano wa hadhara pale Mlowo bila watu kumshangaa. Anza na Ndolezi. Usianze na nyota, usianze na Einstein. Mbunge kila asubuhi anaamka akijiuliza jimbo lake lina nini ambacho majimbo mengine hayana, na wewe unalo jibu lenye tani 16.

Mfano wa Kenya utumie kwa uangalifu. Ukimwambia "Kenya wametupita" atasikia unamkaripia, ataanza kuitetea serikali, na mtatoka mmebishana. Mwambie bei. Taifa-1 iliripotiwa kugharimu kama shilingi milioni 50 za Kenya, ambazo kwa viwango vya wakati ule hazifiki bilioni moja ya kwetu. Satelaiti yao ya kwanza, ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi ya mwaka 2018, ilipata nafasi kupitia mpango wa Umoja wa Mataifa na Japani wa kuzisaidia nchi zinazoanza. Mbunge akisikia kiasi chenyewe anatulia, kwa sababu kichwani alikuwa na mabilioni ya dola ya NASA, shirika la anga la Marekani.

Na usidhani Wamarekani wenyewe wanapewa bila kuomba. NASA siku hizi hupata kama asilimia 0.4 tu ya bajeti ya serikali yao, wakati mwaka 1966 ilipata zaidi ya asilimia 4. Mwaka 2025 Ikulu yao ilipendekeza fedha za sayansi za NASA zishuke kutoka dola bilioni 7.3 hadi bilioni 3.9. Wananchi wa kawaida, walimu, wastaafu, wanafunzi, waliandikia wabunge wao na wengine wakasafiri hadi Washington, kila mmoja kwa mbunge wa kwake, wakitaja vyuo na viwanda vya jimbo lake. Kamati za bajeti za mabaraza yote mawili zilikataa kushuka hadi pale. Kabla ya hapo kuna habari ya Pluto: NASA ilisimamisha mradi wa kuifikia mwaka 2000, watu wakaandika barua kwa maelfu, chombo kikaja kurushwa Januari 2006 na kikaipita Pluto Julai 2015. Nakuambia haya ili ujue kwamba unachofanya ni kazi halali ya raia, na hata kwenye nchi yenye roketi hufanywa kwa mtindo huohuo wa jimbo na mbunge wake.

Jambo la mwisho. Wewe ni mtumishi wa umma. Mweleze mkuu wako wa shule kabla hujakwenda, na nakala ya karatasi yako imfikie afisa elimu. Nimeona ombi zuri likifa kwa sababu wakubwa wa mwombaji walilisikia kwa mbunge.

---

Ugani_Rujewa

Salaam. Mimi ni afisa ugani Mbarali, na nataka kumjibu dada yangu wa Makete kwa heshima, kisha nimwongezee Mwalimu.

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa kwa umbo la pete, na Rujewa ndipo palipokuwa mahali pazuri pa kulitazama. Watu walikuja kutoka kila upande, nyumba za wageni zilijaa, mama lishe waliuza tangu alfajiri. Karibu saa sita mchana mwanga ukawa wa ajabu, kuku wakaanza kutafuta pa kulala, na ile pete ikakaa kama dakika tatu. Wanafunzi walikuwa na miwani maalumu, wanapokezana. Nililosikitika ni kesho yake. Wageni waliondoka, na sisi tukabaki hatuna hata mwalimu mmoja aliyeachiwa darubini.

Lakini mimi sayansi hii naitumia kila siku, wala siyo ya kustaajabia. Utabiri tunaoupeleka kwa wakulima unategemea mawingu yanayoonwa na Meteosat, satelaiti ya Ulaya iliyotulia juu ya Ghuba ya Guinea na kupiga picha Afrika nzima kila baada ya dakika chache. Satelaiti za Sentinel-2, nazo za Ulaya, zinapita juu ya bonde la Usangu kila baada ya siku tano, na katika picha zao kila nukta ni mita 10 za ardhi, na ni bure kwa yeyote mwenye intaneti. Humo unaona kinamasi cha Ihefu kinavyosinyaa kiangazi, unaona mashamba ya mpunga yaliyochelewa kupata maji na yaliyopata mengi kupita kiasi. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukatika maji kiangazi mwaka 1993 ndani ya hifadhi, na tangu hapo tunagombana huku juu, mkulima, mfugaji, hifadhi, na wenye mabwawa ya umeme Mtera na Kidatu, kila mmoja na maneno yake. Picha zipo za miaka yote hiyo, za Landsat, satelaiti za Marekani, nazo ni bure tangu 2008. Zingeweza kukaa mezani kila kikao cha maji. Hazikai, kwa sababu wa kuzisoma ni wachache mno, na hao wachache wako Dar es Salaam au wameajiriwa na miradi ya wafadhili inayokwisha baada ya muda.

Aprili 2024 tope la mlima Kawetere lilifunika nyumba za watu pale Itezi, Mbeya mjini. Sisemi satelaiti ingelizuia. Ila kuna satelaiti za rada zinazoweza kuona ardhi inayosogea taratibu, hasa penye majengo na miamba, na milima ya Mbeya ina watu wengi chini yake. Nani kwetu anaitazama milima hiyo kila mwezi? Hilo ndilo ningemuuliza mbunge.

Kwa hiyo Mwalimu, usiombe roketi. Omba watu. Vijana wasomeshwe kusoma picha hizi na kutengeneza vyombo vyenyewe, na wakimaliza wakute ajira ya serikali mikoani. Hapo Mbeya kuna MUST, chuo cha sayansi na teknolojia kabisa, kwa nini masomo haya yasiwe pale?

---

MwalimuMbozi

Nawashukuru sana. Nimesoma majibu yenu kwa sauti kwa mwenzangu wa jiografia, tukabadilisha karibu kila kitu tulichokuwa tumeandika.

Dada Muuguzi, marahaba, na asante kwa swali. Mwaka 1970 mtawa mmoja aliyekuwa akifanya kazi Zambia, Sista Mary Jucunda, aliandikia NASA akiuliza swali lako hasa: mnawezaje kufikiria mabilioni ya kwenda Mirihi wakati watoto wanakufa njaa? Aliyemjibu ni Ernst Stuhlinger, mkubwa wa sayansi katika kituo chao cha Huntsville. Hakumkebehi. Alimshukuru kwanza kwa kazi yake, kisha akamsimulia habari ya mtawala mmoja wa Ujerumani wa zamani aliyekuwa akiwasaidia maskini, na wakati huohuo akamlisha fundi aliyesaga vioo. Watu walikasirika kwa sababu kulikuwa na tauni. Vioo vile vilichangia kuipata hadubini, na hadubini ikasaidia kuzishinda tauni.

Ninaiheshimu barua ile, lakini sitaitumia mbele yako kama jibu. Mama wa kwenye machela anahitaji gari mwaka huu, na hadubini ya mtawala yule ilichukua miaka mingi. Nikikuambia usubiri nitakuwa nakudhulumu. Kwa hiyo nimetafuta ombi lisilogusa hata senti ya zahanati. Serikali tayari ina fedha za kusomesha vijana wa sayansi, ufadhili wa Samia ukiwemo. Ninachoomba ni sayansi ya anga iingizwe humo kama fani, nafasi chache zitengwe kwa ajili yake, na wanaomaliza wawe na mahali pa kufanyia kazi. Ukiniuliza nitoe kwa nani, jibu langu ni kwamba zitoke kwenye fungu hilohilo la elimu ya sayansi.

Hii ndiyo karatasi yenyewe, naomba mniambie kama inasomeka:

*Mheshimiwa Mbunge,*

*Kijijini Ndolezi, wilaya yetu ya Mbozi, kuna kimondo cha chuma chenye tani zipatazo 16, mojawapo ya vikubwa kuliko vyote vinavyojulikana duniani. Wanafunzi wetu wanakifikia kwa miguu au kwa baiskeli. Wakiuliza kilitoka wapi, walimu tunajibu kwa kadiri tulivyosoma vitabuni, kwa sababu wataalamu wa fani hii nchini ni wachache sana.*

*Wakulima wa mahindi na kahawa wa wilaya hii wanapanda kwa kufuata utabiri unaotegemea satelaiti za mataifa mengine. Picha nyingi za satelaiti hizo hutolewa bure. Tunakosa Watanzania wa kutosha wa kuzisoma.*

*Usiku wa kuamkia tarehe 14 Aprili 2029 asteroidi (mwamba wa angani) iitwayo Apophis, yenye upana wa zaidi ya mita 300, itapita kama kilomita 32,000 kutoka uso wa dunia, karibu kuliko satelaiti za televisheni. Haitatugonga. Watu wa Afrika wataweza kuiona kwa macho. Dunia itakuwa inazungumza habari za vimondo, na Mbozi inacho kimoja.*

*Tunakuomba uwasilishe swali hili: Je, Serikali ina mpango gani wa kusomesha wataalamu wa sayansi ya anga katika vyuo vikuu vya umma, kikiwemo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, na kuanzisha mahali pa kufundishia sayansi hiyo kwa wanafunzi katika eneo la Kimondo cha Mbozi?*

Sikuandika habari za Kenya wala Zambia. Akiuliza gharama nitamweleza Taifa-1 kwa mdomo. Habari ya Pluto nimeibakiza kwa wanafunzi, wameipenda mno. Yule msichana wa kidato cha pili amehesabu kwamba mwaka 2029 atakuwa ameshamaliza kidato cha nne.

---

MuuguziMakete

Nimesoma. Mimi bado naamini zahanati kwanza, na wa kwetu akija nitamwambia hivyo. Lakini ombi lako halinidhulumu, na hilo la kufundisha watu nimelielewa, kwa sababu hata sisi tuna mashine ilikaa kwenye boksi hadi alipoletwa wa kuiendesha. Nenda.

Kitu kimoja: pale unaposema wakulima wanapanda kwa kufuata utabiri, weka mfano wa mtu. Mkulima gani, wa kijiji gani, alipanda lini, mvua ikafanyaje. Ya satelaiti mimi sikuyashika vizuri, ningeshika ya mkulima.

---

MzeeKihesa

Inasomeka vizuri Mwalimu. Muuguzi yuko sahihi kuhusu mkulima, mtafute kabla ya siku ya miadi, na umwombe ruhusa ya kumtaja.

Swali lako lina vitu viwili ndani yake, kusomesha watu na eneo la Kimondo. Hilo la pili ni la watu wa maliasili, maana Kimondo kiko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Waziri wa Elimu ataitumia nusu hiyo kukwepa yote, atasema "hilo ni la wizara nyingine." Ligawe. La kusomesha lipelekwe kwa Waziri wa Elimu kama swali la msingi. La Kimondo mheshimiwa alipeleke peke yake Maliasili na Utalii, na atalipenda kwa sababu lina watalii ndani yake. Kisha mwandikie na swali la nyongeza chini ya karatasi, fupi: ni lini kasma (kifungu cha fedha) ya nafasi hizo itaonekana kwenye kitabu cha bajeti? Asiachiwe alitunge akiwa amesimama.

Aya ya Apophis usiiguse. Aprili 2029 Bunge la bajeti litakuwa linaendelea Dodoma, mwambie hivyo kwa mdomo.

Chapa nakala tatu: yake, ya katibu wake, na ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukitoka chumbani usiondoke. Kaa na katibu, muulize swali litapelekwa kwa mkutano upi wa Bunge, na uandike mkutano huo juu ya nakala yako mbele yake.